Nasaba ya Kubuni na Kanuni za Kweli: Mfano wa Wafalme wa Rwanda

Mwenye kubuni nasaba ya kifalme kwa ajili ya historia ambayo haikutukia hukabiliwa na swali moja: je, nasaba hiyo inasadikika? Kuorodhesha majina ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuyapanga kwa kufuata kanuni ambazo ufalme wenyewe ungezifuata. Rwanda ya kale yafaa kuwa mfano, kwa sababu kanuni zake zinajulikana, na kwa sababu mwaka 1896 ufalme huo ulifika penye njia panda.

Kigeri IV Rwabugiri alifariki mwaka 1895, akiwa katika safari ya vita dhidi ya Bushi, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Mrithi aliyekuwa amekwisha kumteua, Mibambwe IV Rutarindwa, hakudumu. Mwaka uliofuata, huko Rucunshu, alishindwa na kundi la Kanjogera na ndugu yake Kabare, watu wa ukoo wa Abega, akafa katika nyumba iliyoteketea kwa moto. Musinga, mwana wa Kanjogera, alitawazwa angali mtoto, kwa jina la Yuhi V. Sasa ichukuliwe kwamba Rutarindwa alishinda. Ni majina gani yangemfuata hadi mwaka 1961, ufalme ulipokomeshwa?

Kanuni ya kwanza ni ya majina. Jina la kutawalia halikuchaguliwa na mwami kwa kupenda kwake. Liliwekwa na mzunguko uliohifadhiwa na abiru, yaani walinzi wa siri za ufalme. Mahali pa kwanza palipokezanwa na Mutara na Cyirima, wafalme wa ng'ombe; kisha walifuata Kigeri na Mibambwe, wafalme wa vita; na mwisho Yuhi, mfalme wa moto. Kwa hiyo mwana wa Rutarindwa angeitwa Yuhi, apende asipende. Baada yake angekuja Cyirima III, kwa kuwa mzunguko uliotangulia ulifunguliwa na Mutara II Rwogera. Halafu angefuata Kigeri V.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Washindi wa Rucunshu nao walimwita mtoto wao Yuhi. Jina hilo hufuata Mibambwe. Basi kwa kulitwaa walikiri kwamba Mibambwe waliyemwangamiza alikuwa mwami halali. Waliweza kumwondoa mtu katika kiti, lakini hawakuweza kumwondoa katika orodha bila kuharibu nafasi ya mtoto wao wenyewe. Tofauti ilitokea mwaka 1931, pale utawala wa Kibelgiji ulipomwondoa Musinga na kumsimika mwanawe Rudahigwa. Mzunguko ulimtazamia Cyirima. Orodha ikaandika Mutara III. Msomaji anayeijua kanuni huona katika jina hilo moja mkono wa mgeni, hata kama hajasimuliwa habari za Musinga, aliyefia uhamishoni Moba, nchini Kongo, mwaka 1944.

Kanuni ya pili inahusu mama. Mwami hakutawala peke yake. Alitawala pamoja na umugabekazi, yaani mama wa mwami, na koo chache tu ndizo zilizokuwa na haki ya kumtoa. Mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekwisha kufariki, na Rwabugiri akamweka Kanjogera mahali pake, ingawa Kanjogera alikuwa na mwana wake mwenyewe. Chanzo cha Rucunshu ki hapo. Nasaba ya kubuni inayotaja akina baba tu haina uhai, kwa sababu imeacha nje mahali ugomvi unapozaliwa. Katika tawi la Rutarindwa kila Yuhi na kila Cyirima hana budi kupewa mama na ukoo wa mama, na koo zilizokosa zamu hazina budi kupewa manung'uniko yao.

Kanuni ya tatu ni ya hesabu ya miaka. Padri Alexis Kagame, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alikadiria kizazi kimoja cha wafalme kuwa miaka 33, akarudi nyuma hadi karne ya 10 na ya 11. Makadirio hayo huhitaji kila mwami awe mwana wa aliyemtangulia. Lakini Rutarindwa na Musinga walikuwa ndugu kwa baba, na Rudahigwa na Kigeri V Ndahindurwa walikuwa ndugu vilevile, wana wa Musinga. Wafalme wanne, vizazi viwili. Anayewahesabu kama vizazi vinne hupata miaka 132. Kwa kweli, kuanzia 1895 hadi 1961 ni miaka 66. Ikiwa kosa la namna hiyo laweza kuingia katika habari za juzi, litakuwa kubwa kiasi gani katika majina ambayo hayana shahidi? Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliuanzisha ufalme wa Wanyiginya na Ruganzu Ndori, katika karne ya 17.

Kwa hiyo nasaba inayosadikika si ile iliyonyooka. Nasaba iliyonyooka, mwana baada ya baba pasipo kaka, pasipo mama, pasipo jina lililorukwa, ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Zoezi hili lina faida kubwa kwa mwanafunzi wa eneo la Maziwa Makuu. Huku orodha za wafalme zimetumiwa mara nyingi kama hati za kudai nani alitangulia, na nani ana haki ya ardhi na ya utawala. Aliyekwisha kujaribu kuunda nasaba kwa mikono yake mwenyewe anajua viungo vyake vinafungwa wapi. Na akiletewa nasaba ya wengine, atajua pa kuigusa ili aone kama inashika.