Sikukuu za Taifa na Bara ya Mombasa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataja sikukuu tatu za taifa: Madaraka (1 Juni), Mashujaa (20 Oktoba) na Jamhuri (12 Desemba). Majina hayo yote ni ya asili ya Kiarabu, na yalikuwa maneno ya mwambao kabla ya kuwa ya taifa. Hivyo Likoni, Kisauni na Changamwe ziliyapokea kama watoto waliorudi nyumbani. Bali tarehe zake zilikuwa na habari nyingine.

Daraka, katika kamusi za zamani, ni wajibu aliojitwika mtu. Siasa zikaligeuza neno, mzigo ukawa mamlaka. Tanganyika nayo ilikuwa na serikali ya madaraka mwaka 1961, ingawa huko siku zilipewa hata majina ya namba: Saba Saba, kwa kuasisiwa TANU mwaka 1954, na Nane Nane ya wakulima.

Kenyatta alipokuwa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni 1963, ukanda wa maili kumi, pamoja na Mombasa yote, kisheria ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar, nao Waingereza wakiutawala kwa mapatano ya 1895. Bendera nyekundu ilipepea Ngome ya Yesu. Ni mapatano ya 8 Oktoba 1963, baina ya Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, yaliyoutia ukanda huo katika Kenya ilipopata uhuru 12 Desemba. Mwaka mmodi baadaye, tarehe ileile, ikaja jamhuri.

Kwa hiyo siku moja yabeba mambo matatu kwa mtu wa Kisauni, nalo jina limehifadhi moja tu. Zanzibar, kinyume chake, huadhimisha waziwazi kupinduliwa kwa Sultani, 12 Januari 1964. Uhuru wa 10 Desemba 1963 ndio uliofunikwa. Pande zote mbili, sikukuu ni namna ya kuchagua cha kunyamazia.

Mashujaa ina nafasi zaidi. Hadi 2010 iliitwa Siku ya Kenyatta, kwa kukumbuka kukamatwa kwake mwaka 1952. Wingi wa neno umewaingiza Mekatilili wa Menza na, kwa haki, wafanyakazi wa bandari na reli waliogoma Mombasa Januari 1947. Mwaka 2019 taifa liliiadhimisha siku hiyo katika bustani ya Mama Ngina, kisiwani, mkabala na Likoni.