Magome ya Amani: Tanga ilipojitengenezea kwinini

Kila ifikapo Agosti 31, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, hotuba husomwa na mwarobaini husifiwa. Sisi wa Tanga tuna haki ya kudai nafasi ya mbele katika siku hiyo. Sababu iko Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, ambako gome la mti liliwahi kuwa dawa ya jeshi zima.

Familia za pwani hazikungoja mgeni azifundishe kujitibu. Mwenye homa alifunikwa shuka akafukizwa kwa majani yaliyochemshwa. Tumbo likisokota palikuwa na tangawizi, na jioni kivumbasi kilichomwa ili mbu wakimbie. Mwarobaini wenyewe ulivuka bahari kutoka India, ukaota uani kwetu hadi tukausahau ugeni wake. Mambo haya kila nyumba inayajua.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Walileta mbegu na miche kutoka pande zote za dunia, kahawa, mpira, viungo na miti ya mbao. Miongoni mwake ulikuwamo mkwinini, mti wa milima ya Amerika Kusini ambao gome lake ndilo asili ya kwinini, dawa ya malaria iliyotenganishwa na wanakemia wawili wa Paris mwaka 1820. Ubaridi na mvua za Usambara viliufaa. Robert Koch, bingwa wa vijidudu, naye alifika Amani kufanya utafiti.

Kisha vita. Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na kikosi kikubwa kutoka India, wakashindwa vibaya na kurudi melini. Pambano hilo kila mtoto wa shule hapa amelisikia, pamoja na habari ya nyuki waliowashambulia askari. Kilichofuata hakisimuliwi sana. Manowari za Uingereza ziliifunga pwani na dawa kutoka Ulaya zikakatika. Aprili 1915 meli ya Kijerumani iliyojificha kwa jina la Kronborg ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikashambuliwa humo humo. Silaha nyingi ziliokolewa. Lakini malaria haipigwi kwa bunduki.

Hapo Amani ikageuka kiwanda. Taarifa za wakati ule zinasema katika miezi 18 ya mwanzo wa vita ilitoa aina 12 za dawa, sabuni vipande 10,000, mafuta ya nyonyo chupa 300, poda ya meno, mishumaa, na hata chokoleti. Magome ya mikwinini yalibanduliwa, yakakaushwa na kusagwa, na vidonge vya kwinini vikatengenezwa hapo Amani, na vingine Mpwapwa. Jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, anaieleza kazi hiyo kwa fahari katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1920. Vita viliposonga kusini na vidonge kuadimika, magome yalichemshwa tu na maji yake yakanywewa hivyo hivyo. Askari wake waliyaita Lettow-Schnaps, pombe ya Lettow, kwa uchungu wake usiosemeka. Hata nguo za kufungia vidonda zilitokana na magome yaliyopondwa, na ujuzi huo jemadari anakiri waliupata kwa wenyeji.

Kwa mkazi wa Tanga hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Upande wa pili wa vita, malaria na kuhara viliwalaza Waingereza wengi kuliko risasi. Jeshi dogo lililozingirwa lilidumu miaka minne, na sehemu ya siri yake ilikuwa miti ya milima yetu na mikono ya watu wetu. Wasambaa na Wabondei waliijua misitu ile kabla ya bustani ya Amani kupimwa, na vibarua wa mashamba ya Usambara walitoka hadi Unyamwezini. Kitabu kimemkumbuka mwenye cheo. Aliyebandua gome hana jina. Jambo hilo linaniuma.

Julai 1916 Waingereza waliingia Tanga, na Amani ikabadilisha bendera. Mtaalamu wao wa mimea, P. J. Greenway, alichapisha mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, majina ambayo asingeyapata bila wazee wetu. Java, iliyokuwa ikitoa kwinini nyingi ya dunia, ilipotekwa na Wajapani mwaka 1942, mkwinini wa Usambara ukatafutwa tena. Baada ya Vita Kuu ya Pili Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria, na baada ya Uhuru kazi hiyo ikaja kuangukia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Mwaka 1990 Tanga iliongoza tena. Ukimwi ulikuwa unaua na hospitali hazikuwa na dawa ya kuuzuia. Hapo ndipo madaktari na waganga wa mkoa wetu walipokaa meza moja, kazi iliyoanzia Pangani na kuzaa kikundi cha Tanga AIDS Working Group. Kufikia mwaka 2002 kikundi hicho kilikuwa kimewahudumia kwa mitishamba wagonjwa zaidi ya 4,000, hasa kwa magonjwa nyemelezi. Mitishamba haikuponya Ukimwi, na dawa za kufubaza virusi zilipofika ndizo zilizookoa maisha. Ila daktari kumheshimu mganga, na mganga kumpeleka mgonjwa hospitali, ni urithi ambao Tanga haina budi kuutangaza.

Mwaka huo wa 2002 Bunge likatunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na baraza la kuwasajili waganga likaundwa. Malaria sasa hutibiwa kwa dawa ya mseto, ambayo nayo chimbuko lake ni mmea wa China, na mtoto mwenye homa apimwe kwanza, asinyweshwe mwarobaini akacheleweshwa. Kwa mafua na tumbo la kawaida majani ya uani bado yanatumika.

Kwenye hotuba za Agosti ningependa kusikia Amani ikitajwa, na kuona fedha zikitengwa kwa vijana wa kuwahoji waganga wa Pangani, Muheza na Lushoto walio hai, kwa idhini yao, wakiandika mti, ugonjwa, kipimo, na jina la aliyewaeleza.