Mavuno ya Ukaguru: Sherehe Isiyo na Tarehe

Anayetafuta katika maandishi ya zamani siku ya sikukuu ya mavuno ya Wakaguru atarudi mikono mitupu. Wilaya ya Gairo mkoani Morogoro, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, imekaa kwenye milima ya Ukaguru na miteremko yake. (Isichanganywe na Uluguru, iliyo kusini-mashariki zaidi katika mkoa huohuo, ingawa hata wenye kalamu huchanganya.) Ni nchi ya mahindi, mtama, maharage, na viazi vitamu ambavyo msafiri wa Dodoma huviona vimepangwa mafungu kando ya barabara. Watu wanaotegemea jembe kiasi hicho walikosaje siku ya kushangilia? Naona hawakuikosa. Waliieneza katika kiangazi kizima, na waliokuja na kalenda zao, kanisa kwanza na serikali baadaye, ndio walioikunja ikawa siku moja.

Ushahidi wa kwanza umo katika kazi za T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti wake Ukaguru mwaka 1957 na kuchapisha kitabu chake kikuu juu ya Wakaguru mwaka 1971. Ibada kubwa ya mwaka anayoieleza, ile ya kutakasa nchi, ilifanywa kabla ya mvua, si baada ya kuvuna, na iliongozwa na ukoo wenye nchi, ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama. Mpangilio huo una mantiki. Mbegu zikiwa bado mkononi, hatima ni ya wote, na lazima awepo mtu mwenye haki ya kuwasemea wenzake mbele ya wahenga. Nafaka ikishaingia ghalani, kila nyumba inajua yake. Furaha haikuhitaji msimamizi, ilihitaji pombe. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, kimea huanikwa juani, husagwa, kisha uji wake hupikwa na kuachwa. Siku za mwanzo ni togwa, watoto wanajinywea. Zikipita kidogo imekuwa pombe, na ikisubiri zaidi inachacha haifai. Kwa hiyo chungu kikiiva majirani lazima waitwe, na wiki ijayo ni zamu ya nyumba nyingine. Pombe hiyohiyo ilimwagwa makaburini kwa misimu, yaani wahenga waliokufa, ikanywewa harusini, na ikalisha ngoma za jando, ambazo zilifanywa kiangazi kwa sababu ndipo palipokuwa na chakula cha kukirimu wageni.

Atakuja mtu na kusema: huo ni msimu wa ulevi tu, usiuite sherehe. Maofisa wa kikoloni nao waliiona hivyo, wakadai kibali kwa kila pombe ya kuuzwa. Lakini ulevi mtupu hauna masharti, na jando lilikuwa nayo: umri wa waingiaji, nyimbo za kufundishia, walioruhusiwa kukaribia na waliokatazwa. Zaidi ya hayo, ukubwa wa shangwe ulipimwa kwa ghala. Mwaka wa njaa jando liliahirishwa, na njaa haikuwa hadithi katika ukanda huu. Wagogo, majirani wa magharibi, bado wanaikumbuka Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920. Jambo linalokua na kupungua na mavuno namna hiyo ni sherehe ya mavuno, hata kama hakuna aliyeliita hivyo.

Kanisa lilikuja na njia nyingine. Wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) walifika Mpwapwa mwaka 1876, na kufikia 1880 walikuwa na kituo Mamboya, kwenye njia ya misafara. Wengi hudhani Sikukuu ya Mavuno waliyoileta ni ya tangu enzi za mitume. Kumbe ibada hiyo, kwa sura tunayoijua, huhesabiwa kuanza mwaka 1843, pale kasisi Robert Stephen Hawker alipowaita waumini wake wa Morwenstow, Cornwall, kushukuru kwa mavuno. Ilikuwa na umri wa miaka 33 misheni ilipotia mguu Mpwapwa. Je, basi tuiondoe katika historia ya Ukaguru kwa kuwa ni ngeni na changa? Hapana, kwa sababu waumini wameifanyia kazi yao. Utamu wake hauko madhabahuni pekee, uko kwenye mnada baada ya ibada: maboga, debe la mahindi, jogoo aliyefungwa miguu. Mtu hununua jogoo kwa bei isiyo ya sokoni, kisha humrudisha anadiwe tena, na watu wanashangilia. Kilichokuwa kikionekana kwenye chungu, nani amevuna na nani anajua kugawa, sasa kinaonekana mnadani. Nanenane, sikukuu ya wakulima ya serikali, inayowakutanisha watu wa Kanda ya Mashariki mjini Morogoro kila Agosti, haijafika hapo. Ni maonyesho ya mbegu na trekta, na mkulima huenda kama mtazamaji.

Kwa kufifia kwa sherehe za zamani, wengine hulilaumu soko: mahindi yanapakiwa lori hata hayajakauka sawasawa, pombe itapikwa kwa nini? Lawama hiyo ina ukweli kiasi, ila soko si geni milimani. Misafara ya karne ya 19 ilinunua chakula hapa kwa nguo na shanga. Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa la madaraka na makazi. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawakusanya watu mahali ambapo si lazima ukoo wenye nchi uwe na sauti. Nayo kalenda ya shule imelibana jando katika likizo. Mambo hayo yaliigusa zaidi ibada ya kupanda, iliyohitaji msemaji mmoja, kuliko sherehe ya kuvuna, iliyokwishazoea kutawanyika. Ndiyo maana wanaopendekeza tamasha moja la wilaya, lenye jukwaa na tarehe, wanapaswa kwanza kuangalia mashamba: mahindi ya Nongwe, juu milimani kwenye baridi, huchelewa kukomaa kuliko ya chini Gairo mjini, na tarehe yoyote itakayochaguliwa itawakuta baadhi ya wakulima bado wako shambani.