Ada Zilipoifukuza Bitcoin Dukani

Mapema Desemba 2017, bei ya Bitcoin ikipanda kila kukicha, kampuni ya Marekani ya Valve ilitangaza kuwa Steam, duka lake la michezo ya kompyuta, halitapokea tena sarafu hiyo. Lilipoanza kuipokea mwaka 2016, ada ya muamala mmoja ilikuwa kama senti 20 za dola. Sasa ilikaribia dola 20, na michezo mingi dukani humo haifiki hata bei hiyo.

Ada haikuwa kero pekee. Mteja alilipa, kisha malipo yake yakakaa foleni yakingoja kuthibitishwa. Yakichelewa na bei ya Bitcoin ikashuka, kiasi alichotuma hakikutosha tena. Ilibidi aongeze kilichopungua au arudishiwe chake. Vyovyote vile, muamala wa pili ulikatwa ada nyingine na kuingia foleni ileile.

Chimbuko la msongamano huo ni mwaka 2010. Satoshi Nakamoto, mbunifu wa Bitcoin ambaye hadi leo hajulikani ni nani, aliweka ukomo: kila bloku, yaani fungu la miamala linaloandikwa kwenye daftari la pamoja takribani kila dakika 10, lisizidi megabaiti moja. Watumiaji walikuwa wachache na nafasi ilikuwa tele. Lakini kwa ukomo huo, mtandao wa dunia nzima ulipitisha miamala 7 hivi tu kwa sekunde.

Nafasi ikiwa finyu, wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazofunga bloku, huanza na anayelipa zaidi. Tena ada hupimwa kwa ukubwa wa data, si kwa wingi wa fedha. Anayetuma dola 10 anaweza kukatwa sawa na anayetuma dola milioni moja. Huo ni uonevu kwa mlipaji mdogo, na unachoma zaidi kwa kuwa waraka wa Nakamoto wa mwaka 2008 ulilalamikia gharama za benki zinazozuia malipo madogo.

Ubishi wa miaka kuhusu ukubwa wa bloku uliishia kwa mgawanyiko. Tarehe 1 Agosti 2017 waliotaka bloku kubwa walijitenga na kuanzisha Bitcoin Cash. Waliobaki walianza kutumia SegWit, mpangilio wa data unaoongeza nafasi, lakini ulienea polepole. Karibu na Krismasi wastani wa ada ulipita dola 50. Januari 2018, hata mkutano wa Bitcoin mjini Miami ulikataa tiketi zake kulipiwa kwa Bitcoin.

Mtandao wa Lightning, ulioanza kutumika mwaka 2018, hupitisha malipo madogo kando ya daftari hilo kwa ada ndogo mno. Hata hivyo, tarehe 20 Aprili 2024, wastani wa ada kwenye daftari lenyewe ulizidi dola 100.

Basi anayetuma Bitcoin aangalie kwanza ada ya saa hiyo. Na muuzaji wa kitu cha thamani asikiachie kabla ya uthibitisho wa 6, yaani bloku 6 kufungwa kuanzia ile iliyobeba malipo hayo, jambo ambalo kwa kawaida huchukua kama saa nzima.