Gitaa katika Pwani ya Kilifi

Katika pwani ya Kilifi, wapigaji gitaa walikomaa kwa kupiga kila siku. Darasa la muziki lilikuwa bahati ya wachache. Mfano wa mapema ni Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi, na kazi hiyo ilimtaka mpigaji awe tayari wakati wowote askari wanapotaka ngoma. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kurekodi, na hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kutumia gitaa la umeme.

Miaka ya 1950 ikaleta uchunaji wa Kongo. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey 1952 huko Jadotville (leo Likasi), alitumia vidole viwili: gumba likishika besi, cha shahada kikichuna wimbo. Santuri zake zilisikilizwa sana Kenya, na vijana wengi waliziiga kwa sikio tu. Ufundi huu hauna njia ya mkato. Gumba halina budi lizoee kwenda lenyewe bila kusita, ndipo kidole cha pili kipate uhuru wa kucheza. Hilo huja kwa kurudia kipande kifupi, polepole, leo na kesho, na raha yake huanza mapema: siku vidole viwili vinapokubaliana, hata kipande hicho kimoja hutosha kuchezesha watu barazani.

Kisumu Ndogo, mtaa wa Malindi wenye jina la mji wa ziwani, unakumbusha njia nyingine. Waluo wa huko ziwani walikuwa na nyatiti, ala ya nyuzi nane, na katika miaka ya 1950 na 1960 wapigaji wao walihamishia mwendo wake kwenye gitaa. Ndipo ikazaliwa benga, ambamo gitaa la solo hujibizana na mwimbaji.

Hatimaye utalii uliwapa wapigaji wa Pwani ajira. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa Kimijikenda iliyopata jina hilo 1972, ilitumbuiza wageni katika hoteli za ufukweni. Kupiga nyimbo zilezile usiku hadi usiku kuliwanoa kuliko somo lolote, na 1982 wakatoa “Jambo Bwana”, wimbo uliolifikisha gitaa la Pwani masikioni mwa dunia nzima.