Mabonge Bila Ugonjwa: Panya wa Maabara katika Historia ya Utafiti wa Alzheimer, 1995–2023

Mwaka 1906, mjini Tübingen, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alieleza mambo mawili aliyoyaona kwa hadubini katika ubongo wa Auguste Deter, mwanamke aliyefariki akiwa amepoteza kumbukumbu: mabonge nje ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli hizo. Makala haya yanadai kwamba panya wa maabara aliwarithisha watafiti jambo la kwanza tu.

Panya wa kawaida, hata akizeeka, hapati mabonge hayo ya protini ya amiloidi. Mwaka 1991 watafiti wa London walibaini badiliko la jeni ya APP katika familia inayorithishana ugonjwa huo. Mwaka 1995 jarida la Nature lilitangaza panya aliyepandikizwa jeni ya binadamu yenye badiliko la namna hiyo, na mabonge yakaonekana. Mwaka uliofuata Karen Hsiao na wenzake, Minnesota, walimtoa panya mwingine, Tg2576, ambaye pia alishindwa majaribio ya kumbukumbu. Hata hivyo, nyuzi hazikuwapo, na seli nyingi za neva zilibaki hai. Kasoro hii haikufichwa. Ilijulikana mapema, ila haikupewa uzito.

Mwaka 1999 Dale Schenk na wenzake wa kampuni ya Elan waliwachanja panya hao kwa amiloidi yenyewe. Waliochanjwa wakiwa wachanga hawakupata mabonge kabisa au karibu kabisa. Kwa waliozeeka yalipungua. Chanjo hiyo, AN1792, ikapelekwa kwa wagonjwa. Januari 2002 utoaji wake ulisitishwa: kati ya watu 298 waliochanjwa katika jaribio la pili, 18 walipata uvimbe wa ubongo na utando wake, hatari ambayo panya hawakuionyesha.

Lililo zito zaidi lilidhihirika mwaka 2008, maiti za baadhi ya waliochanjwa katika jaribio la kwanza zilipochunguzwa. Bongo nyingine zilikuwa karibu zimesafika mabonge, na bado wenyewe walikufa akili zikiwa zimepotea. Mwandishi haoni sababu ya kumlaumu panya. Aliulizwa iwapo mabonge yanaweza kuondolewa, akajibu sawasawa. Waliomuuliza ndio waliosikia kwamba ugonjwa unaponyeka.

Lecanemab, dawa iliyopewa idhini kamili Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi hiyo hiyo. Hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi, haiusimamishi.