Daftari la Wafu na Cheti cha Kifo: Namna ya Kutafuta na Kuomba Kumbukumbu za Marehemu Wetu

Mwezi wa Novemba unapokaribia, waamini wa maparokia ya Musoma, Bunda na Butiama huleta majina ya marehemu wao ili waombewe katika Misa Takatifu. Pamoja na majina hayo, ofisi za parokia hupokea maombi ya namna nyingine. Mjane anataka karatasi ya kuonyesha kwamba mumewe amefariki. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu hana uthibitisho wa kifo cha baba yake. Ukoo unataka kufungua mirathi ya babu aliyezikwa zamani. Wengi wao huamini kwamba, kwa kuwa Padre ndiye aliyezika, Padre anaweza pia kutoa cheti cha kifo. Hawezi. Hata hivyo, kile anachoweza kutoa kina thamani kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili kwa kirefu.

Vitabu viwili

Kanisa linaandika wafu wake. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu, na kanuni ya 1182 inataka mazishi yakishafanyika yaandikwe katika kitabu cha wafu. Kitabu hicho ni kumbukumbu ya imani: kinashuhudia kwamba ndugu huyu alizikwa kwa ibada ya Kanisa, siku fulani, mahali fulani.

Serikali nayo ina daftari lake, linalotunzwa kwa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Msimamizi wake tangu mwaka 2006 ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, maarufu kama RITA, na huduma zake wilayani hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Cheti cha kifo hutoka katika daftari hili peke yake. Ndicho kinachotakiwa na mahakama katika mirathi, na benki, na mifuko ya NSSF na PSSSF, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo humtaka yatima awasilishe cheti kilichohakikiwa na RITA. Barua yenye muhuri wa parokia haichukui nafasi yake katika ofisi hizo, ingawa, kama tutakavyoona, inaweza kusaidia kukipata.

Siku thelathini na arobaini

Sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Kifo kikitokea hospitalini au katika kituo cha afya, kituo hicho hutoa tangazo la kifo na kibali cha mazishi. Kikitokea nyumbani, taarifa hupelekwa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, wa Mtaa au wa Kata. Kifo cha ghafla chenye mashaka, cha ajali au cha kuzama majini, hupitia kwanza polisi. Karatasi hizo sizo cheti, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Kibali cha mazishi huruhusu kuzika, basi. Tangazo la kifo ni lazima lifikishwe kwa msajili wa wilaya, ada ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, ndipo cheti kitolewe. Maombi yanaweza pia kuanzishwa kwa mtandao kupitia mfumo wa eRITA.

Kwetu, familia nyingi haziguzi mambo ya marehemu mpaka arobaini ipite. Tunaheshimu majonzi hayo. Lakini siku 30 huisha kabla ya siku 40, na anayengoja arobaini amekwisha kuchelewa. Kuchelewa hakufungi mlango: kifo bado kinaweza kusajiliwa, ila ushahidi zaidi hudaiwa na gharama huongezeka.

Kuna jambo jingine linalochelewesha, nalo husemwa kwa kunong'ona. Mjane anayeulizia cheti wiki ya kwanza huonekana ana haraka ya mali, na pengine husemwa kwamba alikuwa akikingoja kifo. Matokeo yake anayekwenda ofisini mapema ni shemeji, tangazo la kifo hubaki mfukoni mwake, na mjane huja kugundua baadaye kwamba mirathi imefunguliwa bila jina lake. Kwa maoni yetu, Jumuiya Ndogondogo ya Kikristo inaweza kuizuia aibu hii isiyo na msingi. Viongozi wa Jumuiya wanaopanga michango ya msiba wamteue pia mtu mmoja wa kumsindikiza mjane kwa Mtendaji na kwa msajili ndani ya mwezi huo, jambo litangazwe wazi kama utaratibu wa kila msiba, lisionekane kuwa ombi la mjane. Mjane naye atafute cheti chake cha ndoa. Kikiwa kimepotea, aanzie parokia alikofungia ndoa, kwa kuwa kitabu cha ndoa kipo.

Mahali alipofia

Kifo husajiliwa kwa kawaida katika wilaya kilikotokea, si alikozaliwa marehemu wala alikozikwa. Wagonjwa wengi wa Mara hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mgonjwa akifariki huko, ndugu husafirisha mwili usiku kucha kuelekea Bunda au Butiama, na makaratasi huwa jambo la mwisho kufikiriwa. Kabla ya kuondoka hospitalini hakikisheni kwamba tangazo la kifo limo mikononi mwenu na kwamba majina yameandikwa sawasawa. Kurudi Mwanza kwa ajili ya herufi moja ni nauli na siku mbili za kazi.

Kwa aliyefia Kenya, mathalani katika kaunti ya Migori ng'ambo ya Sirari, kifo huandikwa na idara ya usajili ya Kenya, na cheti huombwa huko, siku hizi kupitia mfumo wa eCitizen. Ndivyo ilivyo kwa nchi nyingine pia. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mtu wa kawaida mwenye safari ya maisha kama hiyo angeacha kumbukumbu katika nchi mbili, na watoto wake wangepaswa kujua ipi iombwe wapi.

Majina

Hakuna kinachorudisha watu nyuma kama majina. Tuseme mzee mmoja alibatizwa Yohana Marwa. Kitambulisho cha Taifa kinamwita Marwa Chacha. Hati ya kiwanja ina jina la utani alilojulikana nalo sokoni. Kwa ndugu ni mtu mmoja. Kwa hakimu ni watu watatu. Kabla ya kujaza fomu ya kifo, wekeni mezani kitambulisho cha Taifa, kadi ya benki, hati za ardhi na cheti cha ubatizo, kisha jina liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho. Pakiwa na tofauti, ndugu anayemfahamu marehemu aape mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote ni ya mtu huyohuyo. Hati hiyo ya kiapo huambatanishwa na maombi.

Vifo vya zamani

Marehemu akiwa alizikwa miaka mingi iliyopita bila kusajiliwa, kitabu cha wafu cha parokia huwa hazina. Kwa muda mrefu tangu usajili uanze wakati wa utawala wa Waingereza, Waafrika walio wengi hawakulazimika kuandikisha vifo vyao, kwa hiyo kwa wazee wetu wengi daftari la serikali ni tupu. Kilichobaki ni kumbukumbu ya Kanisa na kumbukumbu ya watu.

Anzeni kwa kujua parokia iliyozika. Mipaka imebadilika. Mahali penye parokia leo pengine palikuwa kigango cha parokia nyingine, na vitabu vya zamani vikabaki kwa parokia mama. Nyegina, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1911, ilihudumia eneo pana kabla ya misheni nyingine kuzaliwa. Jimbo la Bunda liliundwa mwaka 2010 kutoka sehemu za majimbo ya Musoma na Mwanza. Aliyezikwa Bunda kabla ya hapo huenda barua zake zina muhuri wa Musoma au, akiwa wa Ukerewe, wa Mwanza. Kwa upande wa serikali, Wilaya ya Butiama ni changa: ilianza mwaka 2012, kabla yake ilikuwa sehemu ya Musoma. Msiitafute Butiama ya mwaka 1990 katika mafaili ya Butiama.

Mkifika parokiani leteni jina la ubatizo, majina ya wazazi, kigango, na mwaka angalau wa kukadiria. Kukumbuka tukio husaidia: alifariki kabla ya Mwalimu, au baada ya kijiji kuhamishwa. Vitabu vya kale viliandikwa kwa Kilatini, na neno «obiit» lina maana ya «alifariki», «sepultus» «alizikwa». Vitabu havitolewi nje wala havipigwi picha na kila mtu, maana vina siri za familia nyingi. Paroko au katibu wake ndiye atakayetafuta na kutoa dondoo yenye sahihi na muhuri. Dondoo hiyo, pamoja na barua ya Mtendaji, viapo vya watu waliohudhuria mazishi na kitambulisho cha mwombaji, hupelekwa kwa msajili wa wilaya kama ushahidi wa usajili uliochelewa.

Neno kuhusu mahakama

Cheti kikipatikana, ukoo hukaa, humteua msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari. Wengi hukimbilia Mahakama ya Mwanzo. Mahakama hiyo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya kimila au ya Kiislamu. Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila za kabila lake, mirathi yake hupelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Yapo mashauri yaliyobatilishwa katika rufaa, baada ya mali kugawanywa, kwa kuwa yalifunguliwa mahakama isiyo na mamlaka. Ulizeni kwanza kwa karani au kwa mwanasheria.

Waliopotea ziwani

Sisi ni watu wa ziwa. Wavuvi huzama na miili yao isionekane. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, katika Jimbo la Bunda, na watu zaidi ya 220 wakafa. Pasipo mwili hakuna tangazo la hospitali, na mwenzi aliyebaki haelewi kama ni mjane au la.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kudhani kwamba mwenzi amefariki iwapo hajasikika kwa miaka mitano. Kanisa halitosheki na muda. Kanuni ya 1085 inakataza kufunga ndoa nyingine kabla ya kuthibitika kwa hakika kwamba ile ya kwanza imekoma, na kanuni ya 1707 inaeleza njia ya kufuata pasipo hati: Askofu wa jimbo hutoa tamko la kudhaniwa kufa, baada ya uchunguzi kumpa uhakika wa kimaadili. Kutokuwepo peke yake, hata kwa miaka mingi, hakutoshi. Wanasikilizwa waliokuwa naye chomboni, waliomwona akipanda, majirani, na ndugu ambao wangepata habari zake kama angekuwa hai. Kwa hiyo andikeni majina ya mashahidi mapema, wangali hai na wakumbuke vizuri. Maombi hupelekwa kwa paroko, naye huyafikisha kwa Askofu.